Ndiyo ya Watu wa Bara

Hoteli ya wagonjwa, pwani
Jumatatu, 7 Oktoba 2019

Assar,

Nimefika, nimepewa chumba, nimelala juu ya meza ya mashine na nimeshuka mzima. Hayo ndiyo uliyotaka kujua. Mengine ni ya ziada.

Naandika kwa sababu simu na wewe haifai. Nakuuliza, umekula? Na wewe, kama kila mtu wa bara, unaitika ndiyo kwa kuvuta hewa ndani badala ya kutoa sauti nje, ile fyup ya midomo, kama mtu aliyeungua na kahawa. Tukiwa jikoni naisikia. Kwenye simu nasikia kimya, nadhani mtandao umekatika, nami nakata. Tangu wang'oe nyaya za zamani na kutuachia kile kimnara nyuma ya kilima, nimekukatia simu mara nyingi kuliko nilivyoongea nawe. Karatasi haina shida hiyo.

Kazi yenyewe ni ya kulala. Nalala chali, kifua wazi, mikono yote miwili imeshika vishikio juu ya kichwa, kama mtu aliyekamatwa na polisi akaamua kupumzika papo hapo. Kuna mistari ya mwanga wa kijani inayotoka ukutani, na mimi nina vile vitone vya wino walivyonichanja ngozini siku ya kupigwa picha za mpango. Mistari ikikaa juu ya vitone, nimelala sawa. Isipokaa, wananisogeza kwa vidole vya baridi. Kushoto kidogo, Ingegerd. Hapana, usitusaidie, kuwa mzito tu kama gunia la viazi. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu uzito wangu kuhitajika na mtu.

Halafu kuna pumzi. Titi lililokatwa saratani ni la kushoto, na nyuma ya mbavu hapo hapo ndipo moyo ulipo. Nikivuta pumzi ndefu na kuizuia, kifua kinapanda, moyo unarudi nyuma, na mionzi inapita bila kuugusa. Juu ya uso wangu kuna skrini ndogo. Naona mstari, na juu yake kisanduku. Nikivuta pumzi mstari unapanda, ukiingia kisandukuni na kutulia, mashine inanguruma. Mpango wote umechorwa kufuata nilivyolala na nilivyopumua siku ile ya picha mwezi uliopita, kwa hiyo kila asubuhi kazi yangu ni kujiiga mwenyewe.

Anayenilaza anaitwa Tuva, binti wa kusini kabisa mwa Sweden, Skåne, anaongea kama ana uji kooni. Mezani nakula na Barbro wa Arjeplog, ambaye nywele zake zilianguka zote akanunua za zambarau, kwa maelezo kwamba akitazamwa, basi atazamwe kwa sababu aliyoichagua mwenyewe.

Wenzangu wengi Ijumaa hupanda teksi ya wagonjwa kwenda kwao mpaka Jumapili. Mimi nitabaki huku. Barabara inanitikisa kovu.

Jambo moja la kuchekesha. Hapa watu wasionijua wananitazama kifua kila asubuhi kama watu wanavyotazama ramani, bila haya na bila haraka. Nyumbani, tangu nitoke kwenye upasuaji Agosti, kila nikianza kufungua blauzi wewe unakumbuka kuni. Rundo limeshafika dirisha la jikoni. Sisemi kitu. Nasema tu mwaka huu hatutaona baridi.

Ingegerd


Gransjö
Alhamisi, 10 Oktoba

Ingegerd,

Barua imefika. Sture ndiye aliyenitolea kwenye masanduku ya barabarani, na alikuwa ameigeuza pande zote kuona kama inasomeka kwa nje. Nikamwambia, Ingegerd angetaka uisome angekuandikia wewe. Akasema jirani mwema hujali. Nikasema hayo si kujali, ni macho makavu, kafute miwani.

Kuhusu kuni umesema kweli, zimezidi. Nimeanza rundo jingine nyuma ya kibanda cha sauna ili dirisha lipumue.

Basi la maktaba lilipita jana nikaazima kitabu kuhusu mionzi. Ni cha zamani, kina picha ya mwanamume mwenye miwani mizito anayeonyesha kitu kwa fimbo. Nimekisoma na nina maoni. Kwa nini wasikulaze ubavu wa kulia? Moyo ni kitu kizito, utaangukia kulia wenyewe, na mionzi ipite zake. Muulize huyo mwenye uji.

Ziwa limeshika barafu pembeni. Nyavu nimezitoa. Nyumba ni kubwa kuliko nilivyodhani tulipoijenga. Nakula nimesimama, maana nikikaa naangaliana na kiti. Na saa ya ukutani, kumbe ina sauti. Miaka yote hiyo ulikuwa unaizibaje?

Kuhusu Ijumaa. Naweza kuja kukuchukua mwenyewe na kukurudisha Jumapili. Nimeendesha lori la manispaa la kusukuma theluji mpaka nikastaafu, na hakuna mtu niliyemtikisa kovu. Ila wewe ndiye mwenye mwili.

Assar


Hoteli ya wagonjwa
Jumanne, 15 Oktoba

Assar,

Nimemuuliza Tuva habari ya kulala ubavu. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Anasema moyo haubingiriki kama kiazi ndani ya ndoo, umefungwa mahali pake, lakini ameomba nikusalimie na nikuulize kama kitabu kina maoni mengine.

Kila kitu kinakwenda. Kuna siku mashine inachelewa, basi, mashine ni mashine. Chakula ni kizuri ila mkate wao ni laini kama godoro, naota mkate wetu bapa wa shayiri. Jumamosi kuna karata kwenye chumba cha chakula, na Barbro ameshanitangaza kuwa mwenzake, siwezi kumwangusha.

Usije kunichukua. Utapoteza siku nzima kwa ajili ya mtu anayesinzia kabla ya habari. Vaa soksi za sufu, zile nene. Na ukae unapokula.

Ingegerd


Gransjö
Jumapili, 20 Oktoba

Ingegerd,

Nimepata barua yako. Nafurahi umepata watu wa kucheka nao.

Usiharakishe. Huku hakuna kinachokungoja isipokuwa baridi, nayo haina pa kwenda. Kitabu nimekiweka tayari kukirudisha. Soksi nimevaa.

Assar


Hoteli ya wagonjwa
Jumatano, 23 Oktoba

Assar Lundmark,

Nimekuita kwa majina yote mawili ili ujue tulipofikia.

Jumapili asubuhi yule kijana wa mapokezi alinipa kifurushi. Mkate bapa wa shayiri, umefungwa kwa kitambaa chetu cha vyombo. Nikauliza umetoka wapi. Akasema, "Kuna mzee aliuleta jana. Aliniuliza kama mtu anahitaji kibali kuacha mkate." Nikauliza yuko wapi huyo mzee. "Aliondoka."

Naenda mezani, Barbro ananipokea.

"Yule wa jana kwenye maegesho ni wa kwako?"

"Yupi?"

"Mwenye kofia ya masikio. Gari lina taa kubwa mbele kama la wawindaji. Amekaa humo ndani muda wote tunacheza, anaitazama hoteli kama anafikiria kuinunua."

"Wangu yuko nyumbani anapanga kuni."

"Basi ana pacha," akasema Barbro. "Na pacha wake anakupenda, masikini, maana alikuwa hatazami dirisha lingine."

Umeendesha kutoka Gransjö mpaka pwani, umeacha mkate, umerudi. Halafu unaniandikia kwamba soksi umevaa. Hata mtu wa posta hugonga mlango, Assar.

Sasa, kwa kuwa mmoja wetu amekamatwa, nami najisalimisha. Mashine haikuwa inachelewa. Ni mimi niliyekuwa sikai sawa. Kabla ya kurusha mionzi hunipiga picha pale pale mezani na kuilinganisha na ile ya mpango. Hazikulingana. Mstari wangu ulikuwa ndani ya kisanduku, vitone viko chini ya taa za kijani, kwa nje kila kitu shwari, lakini ndani uti wa mgongo umepinda, mbavu haziko zilipotakiwa, na moyo uko mbele mno, karibu na njia ya mionzi. Wakanilaza upya, na upya tena. Siku mbili walinivalisha blauzi na kunirudisha chumbani bila kuwasha kitu. Tuva ananiambia pumzika, kesho itakuwa sawa. Lakini nikitoka nawaona wamekusanyika mbele ya skrini na kuchezea videvu vyao. Ukiona watu wasomi wanachezea videvu ujue wewe ndiye tatizo.

Unajua nilichofikiri? Nilifikiri ni kwa sababu wamenikata. Kwamba walipotoa kile kipande walitoa na mizani yangu, na sasa mimi ni mtu asiyewekeka sawa tena, wala kwenye meza wala kitandani. Nilingoja siku waje waniambie, Ingegerd, tumejaribu, mwili huu umetushinda.

Jana ndipo ikajulikana. Nimelala, mikono juu, mstari umetulia chini. Tuva anauliza kupitia spika, "Unasikia baridi?" Nikamjibu. Akauliza tena, "Ingegerd, unasikia baridi?" Nikamjibu tena. Mara mlango ukafunguliwa, akaingia mwenyewe.

"Kwa nini unavuta pumzi wakati sijakuambia?"

"Sijavuta."

"Mstari umeruka. Mara mbili."

"Nilikuwa nakujibu. Nimesema ndiyo, nasikia baridi."

"Hukusema kitu."

"Nimesema." Nikamsemea tena pale pale, fyup, na mstari ukaruka juu kama samaki.

Binti wa watu akasimama ananitazama. Kisha akasema polepole na ule uji wake, "Hiyo ni ndiyo?"

"Kwenu mnasemaje?"

"Sisi tunasema ndiyo, tunatoa hewa nje!"

Akakaa kwenye kigoda. Siku ya picha za mpango alikuwa zamu yeye na Mjerumani mmoja, wote wageni wa huku. Aliniuliza, "Uko tayari?" Nami nikajibu kama ninavyojibu tangu nizaliwe. Hapo hapo akasema vuta pumzi, zuia. Kwa hiyo nilivuta pumzi juu ya pumzi. Wao wakaipima hiyo, wakachora kisanduku huko juu, wakapanga mionzi yote kwa kifua cha mtu aliyekwisha kusema ndiyo. Kwenye matibabu hakuna anayeniuliza kama niko tayari. Wanasema vuta tu. Nami kwa pumzi moja sikifikii kisanduku, na kwa kuwa unanijua, sikukubali kushindwa na kisanduku. Nikakifikia kwa mgongo. Nilikuwa naukunja mgongo kama paka mpaka mstari uingie, na mashine ikadhani nimejaza mapafu. Mapafu yalikuwa hayajajaa. Moyo ulikuwa haujarudi nyuma. Nilikuwa nadanganya, Assar, bila kujua nadanganya.

Wenyeji wa zamu nyingine waliposikia walicheka mpaka wakashikana. Daktari hakucheka, ila aliziba mdomo. Wamehesabu upya mara zile za mwanzo walizowasha, anasema moyo umepata kidogo tu, si cha kutisha, lakini mpango ule hautumiki tena. Kesho napigwa picha mpya, wanafanya mpango mpya, na nitakaa huku zaidi ya tulivyodhani.

Hayo ni ya kwangu. Sasa jibu ya kwako, na ujibu kwa wino.

Sikukaa huku Ijumaa kwa sababu ya barabara. Barabara haina neno. Nimekaa kwa sababu siwezi kurudi kwenye nyumba ambayo nikivua blauzi mtu anatoka nje. Kama ni kinyaa, sema, mimi ni mtu mzima. Dada yangu Gunvor ameniambia kuna chumba kwake Gävle kwa muda wowote nitakao. Mionzi ikiisha lazima nimwambie dereva wa teksi aelekee wapi, kusini au bara, na kwa sasa sijui nimwambie nini. Kwa nini huniangalii?

Ingegerd


Gransjö
Jumapili, 27 Oktoba

Ingegerd,

Barua hii nimeiandika na kuitia jikoni zaidi ya mara moja. Jiko limepata moto mzuri. Hii naimaliza vyovyote itakavyokuwa.

Jioni ile uliyorudi kutoka kwenye upasuaji nilikuletea taulo chumba cha kuogea. Plasta ilikuwa imeng'oka upande mmoja. Ukageukia ukuta ukasema, "Usiangalie." Sikuangalia. Niliweka taulo kwenye kigoda nikatoka.

Hukusema mpaka lini.

Utaniambia mtu mwenye akili angejua. Labda. Mimi ni mtu wa barabarani. Ukipita alama inayosema usizidi mwendo huu, inakubana mpaka uone alama nyingine inayoiondoa, hata kama ni kilomita nyingi na hakuna nyumba. Nilikuwa natafuta hiyo nyingine. Unafungua blauzi, nami najiuliza, hii ndiyo? Halafu naona mabega yako yamekaza, nasema, bado. Na kuni zilikuwa karibu.

Kinyaa. Neno hilo nimelisoma nikalazimika kutoka nje, na safari hii sikushika shoka.

Kama kuna nilichoogopa, ni uso wangu. Siku nitakayoangalia wewe hutakuwa unatazama kovu, utakuwa unatazama uso wangu, na utasoma humo kabla mimi sijamaliza kuona. Uso wangu hauna adabu. Unakumbuka ulivyonishonea lile shati la njano. Nilihitaji muda kidogo tu wa kuzoea, kama mtu anayeingia gizani, na sikuona pa kuupata bila wewe kuwa umenitazama.

Kuhusu Jumamosi. Nilikuja kukupa mkate na kukaa nawe. Nilikuwa nimeshafungua mlango wa gari. Kisha nikakuona dirishani na karata mkononi, yule mwenye nywele za zambarau anasema kitu, na wewe unacheka, kichwa kimerudi nyuma, mdomo wazi mpaka meno ya nyuma. Tangu kiangazi cha mwaka jana sikuwa nimekuona hivyo. Nikajiambia, Assar, ukiingia sasa atafunga kifungo cha juu. Nikaufunga mlango. Nilikaa mpaka mlipokusanya karata na kuinuka. Nilikuwa napata kukuangalia, unaelewa, na hakuna aliyenikataza.

Ya moyo wako kuwa mbele sikuipenda. Kila nikifika hapo kwenye barua naanza upya kutoka juu. Ya ndiyo nimemsimulia Sture, naye amesema, fyup, kwamba anaielewa kabisa.

Usiende Gävle. Gunvor ana mbwa wanne na maoni juu ya kila kitu. Mimi sijui kuomba kwa maandishi, sikufundishwa. Naomba.

Assar


Hoteli ya wagonjwa
Ijumaa, 1 Novemba

Assar wangu,

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilisema hivyo. Nimekaa na barua yako kitandani nikaitafuta jioni ile, nikaipata. Kweli nilisema. Nilimaanisha dakika ile tu, mtu mzima nusu uchi, plasta inaning'inia, karibu nilie. Wewe ukaifanya sheria ya manispaa. Na mimi, kila ulipotoka nje, nilikaza mabega zaidi kwa sababu ulitoka. Tungeweza kuendelea hivyo mpaka msitu uishe.

Habari njema kwanza. Mpango mpya umeanza. Kisanduku sasa kiko chini, mahali pa pumzi ya kawaida ya mtu mmoja, na mgongo wangu umelala kama ubao. Mlangoni Tuva amebandika karatasi: "Mgonjwa wa bara. Akishalala, msimwulize kitu." Leo alinionyesha picha mbili zimewekwa moja juu ya nyingine, ya mpango na ya asubuhi hii. Mbavu zimelala juu ya mbavu. Hata sikuweza kuona kwamba ni mbili. Na moyo umerudi nyuma umetulia, kama mgeni anayempisha mwenye nyumba. Nilimwomba aiache kwenye skrini kidogo. Sikujua kama mtu anaweza kufurahi hivyo kwa kuona kwamba amefanana na nafsi yake.

Sasa sikiliza.

Mara ya mwisho ni Alhamisi, tarehe 14. Nimemuuliza Tuva kama mume wangu anaweza kusimama pale wanaposimama wao, nyuma, kwenye skrini.

"Anaweza, ukikubali wewe. Huwa anazimia?"

"Hajawahi."

"Wote husema hivyo. Nitamwekea kiti."

Nimekubali mimi. Na nimefikiri juu ya uso wako. Nitakuwa nimelala chali na mikono juu, kuta nene kama za ghala katikati yetu. Wewe utaniona, mimi sitakuona. Uso wako ufanye unavyotaka, ukunjike, ulie, upumbae, hakuna atakayeusoma isipokuwa Tuva, naye ameshaona nyuso nyingi. Muda uliokuwa unautafuta, ndio huo, nakupa. Kisha nitavaa na nitatoka, na hapo sitaki maneno ya barabara wala ya Sture. Nitakutazama, nami nitajua. Sanduku langu litakuwa limefungwa. Gävle au bara, nitaamua mlangoni.

Sikutishi. Nakwambia tu ilivyo. Ninakutamani mpaka saa yetu ile ya ukutani naitamani. Lakini siwezi kuja kulala tena karibu na mgongo wa mtu.

Njoo umekula. Na ingia ndani, Assar. Mlango wa hospitali unafunguka wenyewe, hata wewe hautakushinda.

Ingegerd


Kwenye kiti cha kijani, nje ya mlango wako
Alhamisi, 14 Novemba

Ingegerd,

Unavaa, na mimi nimeomba kalamu. Nikingoja mpaka utoke nitaanza kusema barabara ilikuwa na utelezi. Karatasi hii ni ya maelezo ya mafuta ya ngozi, nimegeuza nyuma yake.

Tuva ni mfupi kuliko nilivyodhani. Ameniuliza safari ilikuwaje, nikamjibu kwa sauti, nikitoa hewa nje, naye akanipa mkono. Ule uji ni kweli.

Skrini ni tatu. Moja ya mistari, moja ya mifupa, na moja ni wewe. Tuva akasema, "Wanaume wengi huishia kwenye ile ya mistari. Inawapa kitu cha kuelewa." Nikaitazama ya mistari kidogo, kwa heshima. Kisha nikakutazama wewe.

Nakuandikia nilichoona, kwa kuwa uliniuliza.

Kovu linaanzia karibu na kwapa na kupinda kuelekea katikati. Ni jembamba kuliko nilivyokuwa nimelichora kichwani, maana kule nilikuwa nimelichora kila jioni na kila jioni lilikua. Ngozi ni nyekundu, kama siku ile uliposinzia kwenye mtumbwi tukivua. Titi lile ni dogo kuliko mwenzake na limeangalia pembeni kidogo. Viwiko vyako vimetoka nje kama masikio. Chini ya mbavu una alama nyeusi ndogo ambayo nilikuwa nimeisahau, na niliposahau sikujua kama nimesahau kitu. Nilikuja nimejiandaa kuona kilichopungua. Nikakuta mtu mzima amelala pale, wote, na nilikuwa nimemkosa.

Sijui uso wangu ulifanya nini. Tuva hakunisogezea kile kiti cha wanaozimia.

Wakasema vuta pumzi, zuia. Kifua chako kikapanda. Kwenye skrini ya mifupa akanionyesha kivuli cha moyo wako, hapa, na mionzi inapita hapa, na katikati kuna nafasi nyeusi. "Hiyo ni hewa," akasema. "Hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta." Ni nyembamba kama kidole. Nilishika ukingo wa meza. Mashine ikanguruma, ikanyamaza, na nikasikia mtu ananigusa bega.

"Assar," Tuva akasema, "wewe unaruhusiwa kupumua."

Nimesikia umefungua bomba, kwa hiyo nina muda mdogo. Huko mlangoni amua unavyoona wewe. Ukisema Gävle nitakupeleka mwenyewe, teksi wanaendesha vibaya, na nitawasalimia hata mbwa. Mimi naomba bara. Naomba uje, na jioni ukivua blauzi mimi nitakuwa nimekaa pale pale kitandani, na utautazama uso wangu kwa muda utakao, nao utasema wenyewe, sitausaidia.

Kitu cha mwisho. Kazi ilipoisha walizima skrini, moja moja, na yako ikawa ya mwisho. Nikabaki nimesimama pale mbele ya kioo cheusi. Tuva akaniuliza kwa upole kama kuna ambacho sikuelewa. Nikamwambia nimeelewa yote, ila sijamaliza kuangalia.

Assar